Aliyeshukia Mwatate

Wundanyi,
14 Mei 1956

Shemeji Ambrose,

Pokea salamu zangu na za Mama Mbeyu, mama mkwe wangu. Mwili ni mzima. Ya moyo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Unajua Fanuel aliondoka hapa Januari kwenda Taveta kufanya ukarani kwenye shamba la mkonge. Wewe mwenyewe ulimpandisha treni hapo Voi. Alikuwa akiniandikia kila baada ya wiki mbili, barua fupi kama ilivyo kawaida yake. Ya mwisho ni ya tarehe tatu Machi. Anasema kazi inaendelea vizuri, mkubwa wake ameridhika, nisiwe na wasiwasi. Tangu hapo, kimya.

Mwezi uliopita nililiandikia shamba. Walinijibu mistari miwili tu: Fanuel Mghanga aliacha kazi kwa hiari yake tarehe 28 Februari. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Ameacha kazi mwisho wa Februari, halafu Machi ananiandikia kwamba kazi inaendelea vizuri. Shemeji, mume wangu hajui kusema uongo. Kwa nini alianza na mimi?

Nimekwenda polisi. Askari aliliandika jina lake vibaya, akaniambia siku hizi za emajensi, hali ya hatari, wanaume wanapotea kila mahali, nirudi nyumbani nikasubiri. Mama Mbeyu anasema ameliwa na simba huko Maktau. Walimu wenzangu hawasemi kitu, lakini nikiingia ofisini mazungumzo yanabadilika, na najua wanasema yuko kwa mwanamke.

Sina ruhusa ya kuacha darasa mpaka shule zifungwe Agosti. Wewe uko stesheni, treni ya Taveta inapita mbele ya macho yako. Na wewe umekimbia naye mbio miaka minane, mimi nimeishi naye sita tu. Nitafutie, shemeji. Hata kama ni jambo ambalo sitapenda kulisikia.

Shemeji yako,
Mkamburi


Voi,
24 Mei 1956

Shemeji Mkamburi,

Barua yako ilinikuta nikipima vifurushi. Niliianza nimesimama nikaimaliza nimeketi, maana goti langu halikubali tena habari nzito.

Sijui nianzie wapi. Watu bado wanakuja kwenye dirisha langu wananiuliza, "Wewe si yule Mwandawiro wa maili tatu?" Nawajibu kwamba nilikuwa. Tangu goti liharibike mwaka wa hamsini na tatu, kazi yangu ni kuwaangalia wengine wakienda. Lakini jina la zamani linafungua midomo, na safari hii sikuona haya kulitumia.

Nilimuuliza Mulei, gadi wa treni ya Taveta. Mkamba huyu hasahau uso wa abiria.

"Yule mrefu aliyekuwa akikimbia mbele yako kukuvuta?" akaniuliza.

"Huyo huyo."

"Nilimchukua Taveta mwezi wa tatu, wiki ya pili. Alishuka Mwatate na sanduku lake la bati. Niliporudi kesho yake nikielekea Taveta, nikamkuta pale pale stesheni, ameketi juu ya sanduku. Akapanda tena. Nikamwambia, bwana, kwani umesahau kitu? Akasema, la, nimekumbuka."

Basi, hayo ndiyo niliyonayo. Mwatate ndipo njia ya kupanda kuja kwenu inapoanzia. Alifika chini ya mlima wako, shemeji, halafu akarudi alikotoka. Nilifikiri siku mbili kama nikwambie au nisikwambie. Uliniambia nisikufiche hata lile usilolipenda, nami nimekwambia.

Nimeomba likizo. Nitakwenda Taveta mwenyewe.

Ambrose Mwandawiro


Wundanyi,
2 Juni 1956

Shemeji Ambrose,

Ahsante kwa kutonificha. Siku ile niliwapa watoto kazi ya kuchora, nikageukia ubao mpaka kengele ikalia.

Sasa nimejua kwamba hakuliwa na simba. Mama Mbeyu nimemwambia hivyo na amelia kwa furaha, nami nikamwacha alie. Mtu akifika chini ya mlima wa mkewe akarudi, hajapotea. Amechagua.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Elsie wetu alipougua kifua mwaka wa hamsini na nne, nilimtunza nyumbani wiki tano. Nilimkanda, nikampa dawa za mizizi, nikamfunika. Nilipompeleka hospitali alikuwa hana nguvu hata ya kulia. Alikuwa na miaka mitatu. Siku ya mazishi Mama Mbeyu alisema mbele ya watu kwamba nilipaswa kumpeleka mapema. Fanuel alikuwa amesimama kando yangu. Nilimtazama, akaangalia chini. Tangu siku hiyo alikuwa analala amenipa mgongo.

Kwa hiyo siwezi kushangaa sana. Ukimkuta kwa mwanamke, niandikie jina lake na kama ana mtoto. Sitakuja kufanya fujo. Nataka tu nijue mahali pa kuacha kungoja.

Mkamburi


Taveta,
17 Juni 1956

Shemeji,

Naandika nikiwa kwenye benchi la stesheni. Leo nimetembea kuliko nilivyotembea mwaka mzima.

Kule shamba la mkonge nilimkuta karani mpya, kijana mwenye viatu vya kahawia vinavyong'aa. Akaniambia hawatoi habari za wafanyakazi. Nikageuka niende zangu. Aliponiona nachechemea akaniita: "Samahani mzee, wewe ulikimbia Voi mwaka wa hamsini na moja?" Nina miaka thelathini na mbili, na ananiita mzee. Lakini alifunga mlango akanieleza.

"Hakufukuzwa. Alikuwa anachoka tu. Kutoka hapa mpaka kwenye mizani ni hatua mia mbili. Alikuwa anasimama katikati. Siku moja hakufika. Kesho yake akaleta barua ya kuacha kazi."

Fanuel kuchoka! Mtu aliyenivuta raundi kumi na moja kati ya kumi na mbili, ili mimi nishinde ile ya mwisho!

Sokoni nikakutana na mama mmoja, Dinah, anayenunua ndizi Mboghoni na kuziuza hapa mjini. Akasema kule kwenye mifereji yupo mwanamume mrefu, mgeni, anayekaa kwa mzee Kilonzo, mlinzi wa maji. "Kila hatua ishirini anasimama, anashika kiuno, anatazama Kilimanjaro. Hata siku ambayo mlima umefunikwa na mawingu anautazama tu."

Shemeji, mwanariadha humjua aliyeishiwa pumzi hata akijificha. Sidhani kama kuna mwanamke. Kesho asubuhi nakwenda Mboghoni, nitakuandikia mara moja.

Ambrose


Voi,
29 Juni 1956

Shemeji Mkamburi,

Nilifika Mboghoni. Mtu yule siye. Ni mtu mwingine mrefu. Nimeuliza kila mahali na hakuna anayejua zaidi.

Likizo yangu imekwisha. Nadhani njia imefika mwisho. Pole sana. Ni vizuri usijichoshe tena na polisi.

Ambrose


Wundanyi,
8 Julai 1956

Shemeji Ambrose,

Nimepata barua yako. Ilikuwa fupi, na nilijua umechoka. Mimi pia nimechoka. Nilikuwa nimefua lile shati lake jeupe, sijui kwa nini. Nimelirudisha sandukuni.

Usijilaumu. Umefanya alichopaswa kufanya ndugu wa tumbo moja. Mungu akulipe.

Mkamburi


Voi,
19 Agosti 1956

Ndugu yangu Fanuel,

Mulei atakupelekea barua hii kwa mkono. Kilonzo anasema unakula kidogo na kwamba unatokwa na damu zaidi. Anasema pia umekataa kupelekwa kwa daktari.

Sikiliza. Siku ile Mboghoni nilipokukuta nyuma ya migomba, ulinishika mkono ukaniapisha kwa jina la mama yangu nisimwambie mkeo. Nikaapa, kwa sababu ulikuwa unakohoa na nilitaka uache kuongea. Sikufikiri. Nilikimbia nyuma ya mgongo wako miaka minane, nikazoea kwamba wewe ndiye unayejua mwendo.

Sasa nimemdanganya mwanamke aliyeniamini. Alinijibu akaniombea baraka kwa uongo ule, na ile barua siwezi kuitazama. Niondolee kiapo hiki. Siku hizi kuna sindano za kifua kikuu, watu wanapona. Nakuomba.

Ambrose


Mboghoni,
28 Agosti 1956

Kaka Ambrose,

Naandika polepole, usiudhike na mwandiko.

Siwezi kukuondolea. Nitakwambia sababu mara moja tu, na usiniulize tena.

Mimi ndiye niliyeanza kukohoa. Ilikuwa kabla ya Pasaka ya mwaka ule, Elsie bado anakimbia uani. Nilikuwa nikikohoa shambani, natema, nafunika kwa udongo, halafu narudi nyumbani nambeba mtoto. Nilisema ni vumbi. Niliogopa kutengwa, niliogopa kukosa kazi. Mwezi wa tisa akaanza yeye. Mkamburi akawa hapati usingizi. Na siku ya mazishi mama yangu alipomtupia lawama, nilijua ni yangu, nikaangalia chini. Unaelewa? Nilimwacha aibebe.

Machi nilitaka kwenda kumwambia. Nilishuka Mwatate, nikaanza kupanda. Sikufika mbali, nikatapika damu kando ya njia. Nikaketi pale nikafikiri: nyumba ile nimeipelekea ugonjwa mara moja, sasa naipelekea mara ya pili. Yeye bado mzima. Mwache awe mzima.

Akinifikiria niko na mwanamke atakasirika, na hasira huisha. Nakushukuru kwa blanketi.

Fanuel


Wundanyi,
15 Septemba 1956

Shemeji Ambrose,

Wazee wa ukoo wamekaa. Wamesema mtu asiyeonekana tangu Machi asiachwe akining'inia kati ya walio hai na wafu. Tarehe sita Oktoba tutakaa matanga bila maiti. Mama Mbeyu alikataa kwanza, sasa amekubali. Amekonda sana, hutamjua.

Wazee wanataka mtu wa kusimama aseme jinsi Fanuel alivyokuwa. Nimewaambia ni wewe. Hakuna mwingine. Sema juu ya mbio, sema alivyokuwa kijana. Mimi sitaweza kusema, na sitaki aongee mtu anayefikiri moyoni kwamba marehemu yuko Taveta anacheka.

Nauli ya kutoka Mwatate usijali, lori la mboga litakuleta. Uje siku moja mapema.

Mkamburi


Voi,
25 Septemba 1956

Mkamburi,

Msifanye matanga. Yu hai.

Nimeandika barua hii mara tano na kila mara nilianza kwa kujitetea. Sasa naandika mambo yenyewe tu. Mtu wa Mboghoni alikuwa ni yeye. Nilimkuta tarehe 18 Juni kwa mzee Kilonzo. Ana kifua kikuu na hali yake si nzuri. Aliniapisha nisikwambie, nami nikaapa, nikakuandikia uongo. Hakuna mwanamke. Hajawahi kuwapo. Anaogopa kukuletea ugonjwa, na kuna jambo la Elsie ambalo ni lake kulisema.

Nilifikiri ningeweza kubeba kiapo hiki. Lakini nilipojiona nimesimama mbele ya mama yake namzika mtu ambaye jana nilimpelekea sukari na chai, nilishindwa.

Nimempa Mulei barua hii aishushe Mwatate mwenyewe. Anakuwekea nafasi kwenye treni ijayo. Neno lolote utakalonitukana, nimekwisha kujiambia.

Ambrose


Mboghoni,
30 Septemba 1956

Ambrose,

Nilifika jana. Kwa mwalimu mkuu sikuomba ruhusa, nilimwambia tu.

Mzee Kilonzo alinipokea kwenye mfereji, akanitazama, akasema, "Mama, umechelewa kidogo lakini umefika," akanionyesha nyumba. Fanuel alikuwa amekwisha kusikia sauti yangu. Alifunga mlango kwa ndani.

"Rudi, Mkamburi."

"Treni inarudi keshokutwa. Mpaka wakati huo niko hapa."

"Utaambukizwa."

"Basi fungua dirisha."

Hakufungua. Nikaketi kwenye gogo. Jua lilipanda, nikahamia upande wa pili wa gogo. Baada ya muda mrefu akasema, "Mimi ndiye niliyemuua Elsie. Nilikuwa nakohoa kabla yake."

Nikamwambia, "Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuwa nalala kando yako, Fanuel. Ulidhani mimi kiziwi?"

Nami nikamwambia lililobaki, maana nilikuwa nimechoka kulibeba: kwamba nilisikia kile kikohozi tangu mwanzo, nikanyamaza, kwa sababu niliogopa nikilitaja neno lenyewe ataondoka asiniambukize. Nikajiambia ni vumbi, kama alivyosema. Ndiyo maana nilipolaumiwa makaburini sikubisha. Na mwishowe aliondoka vile vile.

Mlango alifungua alasiri. Usifikiri ni kwa sababu ya maneno yangu. Alikuwa na kiu, na mtungi ulikuwa nje.

Sitakueleza alivyo. Wewe ulimwona Juni na ulirudi kwenye vifurushi vyako ukiwa na picha hiyo. Kesho tunapanda treni kwenda hospitali ya pwani. Mulei ameahidi kututafutia behewa lisilo na watu. Tutapita Voi. Nakuomba usije dirishani.

Mkamburi


Voi,
21 Novemba 1956

Mkamburi,

Hii ni barua yangu ya tatu. Mbili hukujibu na sikulaumu.

Siku mlipopita nilikaa ndani ya stoo kama ulivyosema. Nilisikia kikohozi chake kutoka behewani, nikakijua kati ya kelele zote za stesheni. Nilishika mizani mpaka treni ikaondoka.

Nasikia kwa watu kwamba anadungwa sindano. Nasikia pia kwamba haziendi vizuri. Kama kuna kitu kinachohitajika, damu, chakula, mtu wa kukaa naye ili ulale, nitumie neno na Mulei. Kama hakuna, basi.

Ambrose


Wundanyi,
3 Januari 1957

Ambrose,

Fanuel alifariki tarehe ishirini Desemba, saa nne asubuhi. Tumemzika nyumbani, karibu na Elsie. Nilimwambia Mulei asikupe habari mpaka nikuandikie mwenyewe.

Nilikuwa naye siku themanini na mbili. Siku ishirini za mwisho hakuweza kuongea zaidi ya maneno matatu kwa pumzi moja, lakini kabla ya hapo aliongea kuliko miaka yote sita. Aliongea juu ya Elsie na tulilia sote wawili, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya tukiwa pamoja. Alimwita Mama Mbeyu akamwambia mbele yangu na mbele ya muuguzi kwamba lawama ya mazishi yale ilikuwa yake. Mama alimsikiliza, halafu akaniomba msamaha kwa Kidawida chetu. Alinishika miguu, ikabidi nimwinue.

Barua zako tatu nilimsomea. Hakutaka nikukasirikie. Alisema, "Mimi ndiye niliyemfunga." Nikamwambia ulikuwa na mdomo wako mwenyewe. Akacheka, akakohoa, nikajuta kumchekesha.

Nilimuuliza daktari kama tungempata mwezi wa sita ingekuwa vingine. Nilimuuliza mara mbili, siku mbili tofauti. Mara zote mbili alisema hajui. Afadhali angesema ndiyo, au angesema hapana. Kutoka ulipomwona mpaka nilipofika zilikuwa siku mia moja na tatu. Huenda zingemponya, huenda zingekuwa tu siku mia moja na tatu zaidi za kukaa naye. Hata hizo ningezitaka.

Mimi nimepigwa picha ya kifua. Niko salama. Muuguzi aliponiambia alitabasamu, nami nikamtazama tu, sikujua nifurahi na nani.

Unataka kujua kama nimekusamehe. Hujauliza, lakini barua zako zote zinauliza. Nikiwa barabarani nadhani nimekusamehe. Nikifika nyumbani nikaona kitanda, nakuta bado. Sijui itachukua muda gani na sina nguvu ya kuiharakisha. Najua pia kwamba na mimi nilinyamaza, na ukimya wangu ulikuwa mrefu kuliko wako.

Usije sasa. Mama Mbeyu anataka uje, lakini mimi bado. Shule zinafunguliwa Jumatatu na nina watoto arobaini na sita mwaka huu.

Lakini usiache kuandika, Ambrose. Hakuna mtu mwingine aliyebaki ambaye alimjua akiwa na pumzi zake zote. Niandikie alivyokuwa, tangu siku ya kwanza mlipokutana. Na ukiandika, andika yote.

Mkamburi